Pamba Ndani ya Simu

Simu za mezani za batani haziharibiki zenyewe, zinaharibiwa na watu. Hapa Bariadi nimezifungua miaka mingi, na ndani nakuta uchafu wao: chai ya maziwa imegandisha batani, nyaya za mkonga zimekatika kwa kuvutwavutwa. Kisha lawama kwa fundi.

Msimu uliopita niliitwa kwenye ofisi moja inayogawa dawa ya wadudu wa pamba. Wakulima walikuwa wamelalamika wilayani kwamba simu haipokelewi, na msimamizi alikuwa anatafuta wa kumbebesha mzigo. Akanipokea kwa kufoka. Simu haiiti, na wa mwisho kuishika ni mimi, kwa hiyo nimeiua mimi.

Nikafungua skrubu mbele yake. Kengele ilikuwa imeshindiliwa pamba na kuzungushiwa solotepu. Makarani wote wanne wa ofisi ile wakainamia simu zao za mkononi. Msimamizi hakuuliza nani kaiweka.

Nikaing'oa pamba, nikarudisha mfuniko. Haikuchukua muda, simu ikaita. Wakaitazama kama nyoka kaingia ndani. Hakuna aliyenyoosha mkono, nikapokea mwenyewe.

"Mwangaluka!" Ilikuwa sauti ya mzee akisalimia kwa Kisukuma, anapiga kutoka kijijini Sapiwi. Wadudu wanammalizia shamba, kila akipiga hapokelewi, anataka kujua kama ofisini kuna watu.

Nikamnyooshea msimamizi mkonga. Akatikisa kichwa, akaninong'oneza, "Mwambie hatupo."

"Wapo wote, baba," nikamwambia mzee. "Wamekaa. Njoo, na wenzako uje nao."