Mlinzi Aliyefungua Kopo la Nang Luding

Ruel Magbanua hafichi: siku ile mjinga alikuwa yeye. "Andika hivyohivyo," anasema, huku akichungulia mkoba wa mteja kwa kijiti chake. "Wasije wakasema nimekuhonga."

Ni asubuhi mtaani Jaro, jijini Iloilo, Ufilipino, na supamaketi anayoilinda ndiyo kwanza imefunguliwa. Mikoba wazi, miavuli kaunta ya mizigo. Maziwa ya watoto yamefungiwa kabati la kioo. Ukiyataka, unamwita Ruel aje na funguo, naye hulisindikiza kopo hadi kwa keshia kama bibi harusi.

"Watu hunicheka," anasema. "Lakini kopo kubwa linapita ujira wangu wa siku mbili. Likipotea, tunakatwa sisi."

Ujira huo ni peso mia tano na ushei kwa siku. Kabla ya kazi hii alibeba magunia bandarini, akauza maji barabarani, akafukuzwa kotekote. "Isipokuwa nyumbani," anacheka, "na huko ni kwa sababu mke wangu hana nguvu za kunibeba."

Siku ya ujinga wake, kengele ya mlango wa kutokea ililia Nang Luding Palmares akipita. Mama huyu, ambaye Ruel humwita Nang, yaani dada mkubwa, huuza bibingka, vile vikate vya mchele na nazi, ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyekuwa akimlisha Ruel kila asubuhi tangu aanze kazi. Wakati wa kuingia, Ruel alimpitisha bila kuchungulia mfuko, kama kawaida yao. Sasa meneja alikuwa amesimama karibu. Ruel akakaza sauti.

"Madamu, simama. Fungua mfuko."

Ndani mlikuwa na kopo la maziwa, kibandiko cha ulinzi kimeng'ang'ania kitakoni. Foleni nzima ikageuka kutazama.

Nani Iloilo hajui kwamba kopo la biskuti lina sindano na nyuzi, na la aisikrimu lina samaki? Mama yake Ruel mwenyewe hupimia mchele kwa kopo la maziwa. Lakini Ruel alilifungua lile kopo palepale, chini ya kiyoyozi.

Ulikuwa uduvi uliovundikwa kwa chumvi. Harufu ikapanda kiyoyozi, ikazuru duka zima hadi kwenye mikate. Kopo lilinunuliwa hapohapo zamani, siku umeme ulipokatika na kengele haikufanya kazi, na keshia akasahau kubandua kibandiko.

Nang Luding hakutukana. Alifunika kopo lake, akaenda zake. Tangu hapo sabuni akawa anainunulia mbali, na Ruel akawa anashinda na mkate mkavu.

"Njaa ningeivumilia," anasema. "Lakini alikuwa akinipita kama nguzo ya umeme."

Ndipo akamwendea meneja kuomba kona yenye pazia, mteja akaguliwe bila kukodolewa macho. Amekubaliwa. Pazia atalishona mkewe, na Ruel anatumaini litatundikwa kabla ya Krismasi.

Mapumziko yanapofika, anavuka barabara na habari hiyo.

"Nang, tunaweka pazia!"

"Likufunike wewe."

Wateja wanaangua kicheko. Ruel anajitetea: "Sheria ni sheria, Nang. Kengele ikilia lazima nikague, hata angekuwa mama yangu mzazi!"

Nang Luding anaepua kikate cha moto, anakiweka juu ya jani la mgomba, anamsukumia.

"Kukagua kopo, sheria ilikutuma. Kuniita Madamu kama hunijui, ulitumwa na nani?"