Vigingi vya Barabara ya Kabete

Juzi nilipanda basi kutoka Kabete kwenda mjini. Mbele yangu aliketi mama mmoja na kiondo cha viazi, na katikati ya viazi kulichomoza kigingi chekundu, kimoja cha vile vigingi ambavyo wapimaji wa serikali wanavipigilia kuonyesha barabara mpya itapita wapi.

Kondakta akakiona. "Mama, hii ni nini?"

"Kuni."

"Kuni ya rangi?"

"Mti nimeutoa shambani kwangu. Rangi tu ndiyo yao." Sauti ikapanda. "Baba mkwe alihamishwa na njia ya mikokoteni. Mume wangu akahamishwa ilipomwagwa kokoto. Sasa lami imenijia mimi. Nihamie wapi, mtaroni?"

Westlands basi likasimamishwa, askari wawili wakapanda kukagua vipande vya utambulisho na mizigo. Mimi nikafungua gazeti, nikalishika juu chini. Mzee mmoja, ambaye tangu Kangemi alikuwa akinung'unika kwamba kiondo kinamfinya miguu, akavua koti lake akalitandaza juu ya viazi, kisha akawanyooshea askari kipande chake kama mtu anayechelewa kazini. Wakashuka.

Jana nikapita ofisi ya barabara kuuliza kwa nini kazi imekwama. Karani akatikisa kichwa. "Mchwa, bwana. Wanakula vigingi."

Nikamwambia ni kweli, mchwa hao nimewaona kwa macho yangu. Basi zima.