Kachi Mbili Mbele ya Kadhi

Siku yangu ya kwanza kazini, Kadhi wa Wete aliniamuru nisimame, kwa kuwa mkalimani akikaa husinzia. Kisha akaniusia: "Utasema alichosema mtu, hata kama hukipendi."

Nyinyi vijana mtauliza lugha nilizipata wapi. Kikachi nilikiokota utotoni kwa jirani zetu Wakachi, Wahindi wauza nguo. Kigujarati nilijifunza ukubwani, maana Wakachi huzungumza lugha yao, lakini huandika na kufanya biashara kwa Kigujarati.

Nilihamishiwa Chake Chake, nikarudishwa Wete, na kote sikutulia. Maneno ya watu yalinijaa kichwani hata usingizini.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mjane mmoja wa Kikachi, Bi Rukia, alishitakiwa na shemeji yake. Shemeji alitaka kuwapeleka watoto wa marehemu nduguye kwao Kachi, magharibi ya Bara Hindi. Akaeleza kwa Kigujarati kwamba nchi ile ina mtawala wake, bandari kongwe ya Mandvi, pamba, ng'ombe wazuri, na mabaharia waliozijua pwani zetu tangu zama za mababu. Nikatafsiri. Bi Rukia akajibu kwa Kikachi kwamba kaskazini ni jangwa la chumvi, mito hukauka, mvua hupotea, na ukame ndio uliomleta mumewe Pemba. Nikatafsiri hayo pia, kwa mdomo uleule, nami sikujua mkweli ni nani.

Kadhi akauliza kama watoto wanajua Kikachi.

"Wanakisikia," alisema Bi Rukia. "Kulia, wanalia kwa Kiswahili."

Watoto wakaachwa kwa mama yao. Nje, shemeji akanishika mkono, akaniambia la moyoni. Mama yake mzee, aliyefiwa na mwana, alikuwa ameomba awaone wajukuu kabla hajafa. Ndani ya mahakama, shemeji aliona haya kulisema hilo mbele ya watu. Nikarudi mbio kwa Kadhi.

"Hukumu nimeshatoa," alisema. "Kamwambie mama yao."

Nikamfuata kwake, nikamwambia. Bi Rukia alinisikiliza, akafunga mlango. Shemeji akapanda meli peke yake.

Vita vilipokwisha, Bi Rukia mwenyewe aliwapeleka watoto Kachi, wakamkuta bibi yao hai. Waliporudi, mimi nimeshastaafu, alipita kwangu.

"Shemeji hakusema uongo," aliniambia kwa Kikachi. "Tulikuta mvua."

Nikafungua kinywa nitafsiri, kama nilivyozoea. Barazani tulikuwa wawili tu, na sote tulikuwa tumeshaelewa.