Mawe ya Kabula

Siku ya kwanza kazini nilimuuliza Mwalimu Mkuu kama shule ina utaratibu wake wa kutumia ubao. Nilikuwa nimeliandaa swali hilo tangu asubuhi. Akanitazama, akacheka. "Utaratibu ni kuandika, mwalimu. Ukimaliza, futa." Kisha akanikabidhi Darasa la Tatu, watoto tisini na wawili kwenye madawati ishirini na saba.

Shule ile iko nje kidogo ya Lusahunga, wilayani Biharamulo. Mimi ni wa Nyamiaga, Ngara. Mazoezi ya kufundisha nilifanyia Bugarama, chini ya mwalimu mlezi aliyenikumbusha kila kipindi nipumue. Nilipohitimu shahada ajira haikupatikana, nikajitolea pale miaka miwili. Mkataba uliisha mwezi uliopita. Ninawaandikia ninyi mnaokuja kujitolea baada yangu, hasa mtakaopewa mada ya takwimu mkaidhania ni nyepesi.

Takwimu kwa mtoto wa darasa la tatu huanza na kukusanya. Anauliza au anatazama, na kwa kila kitu anachora kijiti. Vijiti vinne vinasimama, cha tano kinalazwa juu ya hivyo vinne, na hilo ni fungu moja la tano. Mafungu hayo anayapanga kwenye jedwali, halafu anachora grafu ya picha, ambamo picha moja inasimama badala ya kitu kimoja. Mwalimu wa Taaluma, mama aliyesimamia ratiba na mitihani, alinishauri nisiende mbali.

"Wape matufaha na zabibu za kitabuni," alisema. "Mtihani nao utaleta matufaha na zabibu."

Sikumsikiliza. Mtoto atakusanyaje zabibu ambazo hajawahi kuziona? Nikaenda kwa mama lishe wanaowapikia madereva wa malori, nikaomba vizibo vya soda, nikarudi na ndoo nzima. Kila kizibo kingekuwa mtoto mmoja. Nikaandaa safu nne za njia ya kuja shuleni: miguu, baiskeli, bodaboda, gari. Vizibo vyote tisini na viwili vikaenda kwenye miguu. Karatasi ikaisha, tukaendelea kubandika ukutani.

"Mwalimu, grafu inatafuta dari!" walipiga kelele.

Walicheka sana. Mimi nilishtuka. Kila siku nilitembea nao njia ile ile, na bado nilikuwa nimechora safu ya gari.

Nikatafuta kitu kinachotofautiana nyumba kwa nyumba, nikapata mifugo. Kila mtoto akachore kijiti kwa kila kuku, mbuzi na ng'ombe wa kwao. Kesho yake madaftari yakaja yamejaa, isipokuwa la Kabula. Kabula ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kutoka Shinyanga. Alikuwa na kuku sita, mbuzi tisa, na chini ya ng'ombe palikuwa patupu.

"Kwenu hamna ng'ombe?"

"Wapo, mwalimu."

"Wangapi?"

"Wengi."

"Wengi si takwimu, Kabula."

Darasa likacheka, nami, nakiri, nilifurahia kicheko kile. Nikamwambia asirudi bila idadi. Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye lango la boma wakati ng'ombe wanatoka, na kwa kila mmoja akaokota jiwe. Alikuja na vijiti thelathini na vinane. Kwenye grafu tuliyobandika ukutani, safu yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Nikaandika jina lake chini yake kwa kalamu nyekundu.

Baada ya siku mbili hakuja shule. Ya tatu hakuja, ya nne hakuja. Ya tano nikaitwa ofisini. Babu yake alikuwa ameketi na fimbo yake magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa vizibo?"

"Ndiye mimi."

"Ndiye uliyemtuma mjukuu wangu ahesabu ng'ombe?"

Mwalimu Mkuu akashika kichwa. "Mwalimu! Si ungeniuliza kwanza?"

"Kwangu ng'ombe hawahesabiwi," mzee akasema. "Baba yangu alihama nao kutoka Shinyanga hakuwahesabu. Ukitaja idadi, umeipunguza. Sasa siku ya pili baada ya mawe yale, mtamba wangu mweupe amevimba tumbo, amekufa."

Hapa ndipo nilipofungua mdomo. "Babu," nikasema, "tukio moja halitoshi kuwa takwimu."

Niliyasikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha.

"Mwalimu, nyamaza kidogo," alisema Mwalimu Mkuu kwa sauti ya chini sana.

Lakini mzee alicheka. "Mwache. Ng'ombe wamenifia tangu huyu hajazaliwa. Sikuja kwa ajili ya mtamba."

"Basi umekuja kwa ajili ya nini, mzee?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Mtoto hanywi maziwa. Hapiti karibu na lango. Anasema ndiye aliyemuua. Nimemwambia si wewe, ananijibu, babu unanidanganya kwa sababu unanipenda. Na shule hataki tena. Kalamu haishiki." Akanielekezea fimbo. "Mimi nimeshindwa. Wewe uliyemtuma, njoo."

Nilikuwa nimejiandaa kutetea somo langu. Kwa mtoto anayekataa maziwa sikuwa nimejiandaa. Tulitembea mchana ule, yeye mbele, mimi nyuma nikibishana na nafsi yangu. Nikimwambia Kabula kuhesabu hakuui, nimemfanya babu yake, mwenye mwiko ule, mwongo mbele yake. Nikikubali kunaua, hatagusa kalamu maisha yake yote. Tulifika bado nabishana.

Kabula alikuwa nyuma ya jiko. Hakuniamkia. Nilichuchumaa.

"Mawe yako wapi?"

Akaonyesha kipande cha khanga kilichofungwa fundo.

"Nani alisema uhesabu?"

"Mwalimu."

"Wewe ulitaka?"

Akatikisa kichwa.

"Mara ya kwanza nilipokuuliza, ulinijibuje?"

"Wengi."

"Jibu lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelikataa. Hesabu ile ni yangu, Kabula, si yako. Nipe mawe yangu."

Akamtazama babu yake. "Ni ya mwalimu," mzee akasema. "Mpe."

Akayamimina kwenye mkoba wangu, akaukamata mkanda wake kidogo kabla hajauachia. "Mazito, mwalimu."

"Nitabeba."

Alasiri ng'ombe wakaanza kurudi. Mzee akasimama langoni akinong'ona: mweusi wa paji jeupe, mama yake, wa kijivu mwenye pembe iliyovunjika. Hakutaja idadi hata mara moja. Mimi, kwa mazoea mabaya, nilikuwa nahesabu moyoni. Wa mwisho alipoingia akageuka.

"Nani hayupo?"

Nilikuwa na idadi, na haikunisaidia chochote. Sauti ndogo ikasema nyuma yangu, "Ndama wa yule wa madoa."

Kweli, alikuwa amebaki kichakani. Kabula akapita langoni mbio kumfuata. Aliporudi naye, mama yake akampa kikombe cha maziwa, akanywa amesimama, macho yake kwa ndama. Niligeuka upande mwingine, maana nilikuwa nalia.

Jumatatu alirudi shuleni. Safu yake niliibandua, naye akachora nyingine: kila ng'ombe na rangi yake, bila tarakimu. Mwalimu wa Taaluma alisimama mbele yake akiwa ameshusha miwani puani.

"Hii nayo ni grafu?"

"Ndiyo, mwalimu," Kabula akajibu. "Ni ya kujua nani hayupo."

Mama yule akaiacha ukutani. Hadi leo najiuliza kama nilimpunguzia mtoto mzigo au nilimthibitishia kwamba mzigo ulikuwepo. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: kabla hujamtuma mtoto akahesabu, nenda ukaulize kwao nini huhesabiwa.

Sasa niko nyumbani Nyamiaga nasubiri ajira. Mawe yako kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Juzi mama alikuwa anafuta vumbi, akalitikisa.

"Ya nini haya? Mangapi?"

Idadi naijua, na mdomo ulikuwa tayari.

"Mengi, mama," nikasema.