Vioo Vyetu vya Bigo

Nyumba yetu ya Bigo, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, ilikaa miaka mingi bila kioo hata kimoja. Madirisha yalikuwa ya mbao tupu. Ukiyafungua, vumbi jekundu la barabarani linaingia na kulala juu ya kila kitu. Ukiyafunga, mchana unageuka giza. Nami ni mshonaji. Kila asubuhi nilitoa mashine yangu nje, chini ya ukingo wa bati, na mvua ikianza nilikimbia nayo ndani nimeikumbatia kama mtoto.

Mume wangu hakutaka kusikia habari ya vioo. Alikulia hapa hapa Bunia. Alipokuwa mtoto, wakati wa vita, bomu lilianguka karibu na nyumba ya baba yake, na vioo vya sebuleni vikawamwagikia wote waliokuwa wamelala sakafuni. Dada yake alipoteza jicho. Mimi wakati ule nilikuwa kijijini kwetu Gety, katika nyumba ya udongo yenye vidirisha vya kuziba kwa tambara, kwa hiyo sikuwa na picha hiyo kichwani. Nikitaja vioo, alijibu, "Mbao inatosha," kisha akatoka nje.

Sikumlazimisha. Lakini siku moja ya masika aliingia adhuhuri, akanikuta nashona gauni la bibi arusi kwa mwanga wa tochi, uso wangu karibu kugusa sindano. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Mama, macho yako itaisha."

"Sasa nifanye nini, papa? Huko nje mvua inanyesha."

 Siku chache baadaye alirudi na fundi wa vioo, bila kuniambia chochote. Fundi akapima dirisha la kwanza, akauliza kama apime na mengine.

"Pima yote," mume wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema.

Fundi alipomaliza kazi na kuondoka, vioo vilikuwa vichafu kweli: alama za vidole, mabaki ya mastiki, ile gundi ya kushikia vioo, pembeni, na vumbi juu yake. Jumamosi nilifunga kikwembe kiunoni, nikatayarisha ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni, wembe, na magazeti ya zamani. Nilianza kwa tambara kavu, maana vumbi letu likikutana na maji linakuwa tope. Mastiki niliikwangua kwa wembe polepole. Mume wangu alikuwa uani, amenipa mgongo, anatengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa na shida yoyote.

Mara mkono wangu uliteleza, kiwiko kikagonga kioo. Kioo kikalia. Jembe lilianguka chini, naye alikuwa amekwisha kufika.

"Umeumia?"

"Apana. Kimelia tu. Angalia, iko muzima."

Alitazama. Kisha akaweka kiganja chake chote juu ya kioo, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiacha pale muda mrefu. 

"Nipe ile gazeti," alisema mwishowe. "Weye ingia ndani. Mimi nitapangusa huku."

Basi tukafanya kazi uso kwa uso, yeye nje, mimi ndani, mikono yetu ikifuatana juu ya kioo kimoja. Tulipofika pembe ya juu, akaonyesha kidole.

"Kule umeacha alama!"

"Iko upande yako!"

"Apana, iko upande yako, mama!"

Nikasugua. Akasugua. Alama haikutoka. Nilipanda juu ya kiti nikaikaribia: kumbe ni kitone cha hewa kilichonaswa ndani ya kioo chenyewe, tangu huko kiwandani. Nilipomwambia, alicheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikacheka nikimtazama, na meno yake yote nikayaona vizuri kuliko nilivyowahi kuyaona nikiwa ndani ya nyumba hiyo.

Tulivimaliza vyote kabla ya jua kuwa kali. Sebule ilijaa mwanga. Niliona nyufa za ukuta ambazo sikuzijua, nikaona pia kwamba kitambaa cha meza nilichodarizi mwenyewe ni kizuri kweli.

Mama jirani, mwenye duka la unga mbele yetu, alipita akasimama kwenye lango.

"Ee baba! Ni nyumba ya nani hii inaangaza hivi?"

"Ya kwetu," mume wangu alisema.

"Na nani alisafisha? Mulilipa watu?"

"Watu gani?" Alijinyoosha, gazeti lililolowa bado mkononi. "Ni siye wenyewe, mimi na bibi yangu. Karibia, mama. Karibia uangalie."

Nami huko ndani nilishika tambara, nikaendelea kupangusa kioo ambacho kilikuwa kimekwisha takata.