Kifungo cha Tatu

Usimwulize mama huyu fundi cherehani habari za picha za sinema kama una haraka. Umeleta suruali ikunjwe pindo, utaondoka na mhadhara. Za kutisha? Atakwambia damu hata buchani ipo, na hakuna anayekimbia bucha. Kinachotisha ni mlango ulioufunga mwenyewe, ukigeuka uko wazi. Za maisha ya watu? Wape watu wawili meza moja na neno wasilotaka kulisema, imetosha. Ila za upelelezi ndizo zinazomtia wazimu. Iliyo nzuri, asema, haikufichi kitu. Inakuwekea mbele ya pua, nawe unatazama pembeni.

Miaka saba sasa, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, anakwenda ukumbi wa maktaba kwenye klabu ya picha za nje. Peke yake. Mumewe, fundi bomba, alishampa jibu lake siku ya kwanza: "Mimi sikai gizani mchana kweupe kwa picha waliyoichagua watu nisiowajua. Siku utakayochagua wewe, mama mapacha, nitakuja."

Na kuchagua hakuji hivihivi. Picha ya upelelezi husimamishwa kabla ya mwisho, kila mtu anamtaja muuaji, na anayepatia ndiye anayechagua picha ya mwezi ujao. Mama mapacha hakuwahi kupatia hata mara moja. Ilimuuma, tusidanganyane. Kukaa miaka saba kando ya kiti kitupu si mchezo.

Jumamosi hiyo picha ilitoka nchi ya theluji, tafsiri inapita chini kwa maandishi. Mke wa tajiri kanyongwa, na inspekta mwenye koti refu anamsaka muuaji. Mkutubi akaisimamisha, taa zikawashwa. Mwalimu mstaafu, mjuzi wa kila kitu, akamtaja mpwa wa tajiri, na wengi wakamfuata. Fundi alikuwa hatulii kitini.

"Ni staringi," akasema. "Yule inspekta."

Ukumbi ukaangua kicheko. Staringi hafi, na staringi hamnyongi mke wa mtu. Hilo hata mtoto analijua.

"Una ushahidi gani, fundi?" mkutubi akauliza.

"Kifungo."

"Usimpe kifungo kabla hujamkamata," mwalimu akadakia, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

"Kifungo cha koti lake, mwalimu. Mwanzoni vyote vinne nyuzi zimepita msalaba. Baada ya mauaji, nyuzi za cha tatu ni mistari miwili. Kiling'oka, kikashonwa upya na mtu asiye fundi. Nimeshona vifungo miaka ishirini, macho yangu hayajui kutazama kitu kingine."

Taa zikazimwa. Dakika kumi hazikuisha, mochwari wakakifumbua kiganja cha marehemu, na ndani yake mna kifungo. Mama mtu mzima alirukaruka ukumbini bila kujali nani anamwona, na mwalimu akamvulia kofia.

Alifika nyumbani anahema. "Baba mapacha, nimepatia. Nachagua mimi."

Fundi bomba akamaliza maji yake taratibu. "Haya," akasema, akarudi kwenye koki aliyokuwa anaitengeneza. Haya gani hiyo? Mwezi mzima mkewe hakujua.

Alichagua picha ya wazee wawili wanaoiuza nyumba yao. Siku ilipofika, fundi bomba alikuwa kazini tangu asubuhi. Saa nane kasoro dakika tano kiti cha kando bado kitupu. Mkutubi alikuwa anazima taa ya kwanza wakati mumewe alipoingia, shati jeupe limepigwa pasi, akaketi.

Mkewe alitaka kumtazama usoni, lakini macho yalikwenda yalikozoea. Vifungo vingine vyote msalaba. Cha tatu mistari miwili, tena kwa uzi mweusi.

"Nani kakushonea hiki, na mimi nipo?"

"Nimeshona mwenyewe. Sikutaka ujue nimejiandaa." Akasogeza kiti karibu. "Nyamaza basi, inaanza."