Oili Katika Kona ya Kushoto

Taa nyekundu ya oili iliwaka kwa muda wa kutamka neno moja, kisha ikazimika. Tulikuwa katika jaribio la kwanza la mashindano ya magari kwenye uwanja wa vumbi nje ya Kibiti, mdogo wangu wa kike akiendesha na mimi pembeni yake nikimsomea njia: kona, urefu wake, mwelekeo wake. Kazi hiyo alinipa, alivyosema, kwa sababu nimezoea kuwasomea watu vitabu wasivyoviangalia. Mimi ni mwalimu wa nahau na fikihi. Yeye hubeba abiria kati ya Kibiti na Nyamwage kwa gari lilelile, na watoto wake watatu hula kwa magurudumu yake. Mashindano yalikuwa Jumapili. Jumatatu gari lilitakiwa liwe kituoni.

Fundi wetu, mtu wa milima ya Umatumbi na mtani asiyetuhurumia, alitufafanulia ile taa kwa kuinamisha kisosi chenye chai. Katika kona ndefu ya kushoto inayochukuliwa kwa kasi, oili yote hukimbilia upande wa kulia wa sampo, yaani lile bakuli la chini ya injini. Mdomo wa pampu hubaki mahali pakavu, ukavuta hewa. Metali za krenki, vile vikombe vyembamba ambamo mhimili wa injini huzunguka, hukosa oili, na injini inaweza kunoki, ikafa, kabla dereva hajajua nini kimemfika. Dawa yake ilikuwa kufungua sampo na kuchomelea kuta ndogo za bati kuuzunguka mdomo ule, zenye matundu chini, ili oili iingie kwa wepesi na isitoke kwa pupa.

Kazi hiyo ilifanyika uani kwetu, Mkongo. Wakati wa kurudisha oili nilichuchumaa mbele ya gari na kijiti cha kupimia mkononi. Fundi alipotaka kumimina galoni lote nilimzuia, kwa kuwa alama ya juu ilikwisha kufikiwa. Akasema gari la mashindano huzidishiwa kidogo. Nikamjibu kwamba alama haikuchongwa kwa mapambo. Akafunga galoni na kilichobaki ndani yake, akalitia kwenye buti.

Siku ya mashindano tulikuwa na mizunguko mitano na sharti moja: taa ikiwaka nitasema "acha", naye ataondoa mguu pasipo kuuliza.

Mizunguko miwili ilipita salama. Katika wa tatu taa ikawaka katikati ya ile kona ndefu. Nikasema acha, akaacha, na gari jeupe likatupita. Katika wa nne iliwaka mapema zaidi na ikakawia. Safari hii alichelewa kutii, na chini ya miguu yetu nikasikia mlio mkavu, kama wa vidole vinavyogonga meza.

Akaniuliza kama kuta zimeng'oka. Nilikuwa nikipitia kila hatua ya kazi ile kama ninavyopitia mlolongo wa wapokezi wa hadithi, nikimtafuta aliye dhaifu, na dhaifu nikamkuta ni mimi. Nyumba yetu, kama nyingi za bondeni, imeinuliwa juu ya tuta kwa ajili ya mafuriko, na ua wake unateremka hadi langoni. Gari lilielekeza pua langoni. Kijiti kiko mbele ya injini. Oili ilikuwa imejikusanya mbele, ikafikia alama isiyoistahili.

"Oili haitoshi," nikasema. "Nilipima kwenye mteremko. Kosa ni langu."

Mbele yetu kulikuwa na magari mawili tu, na mzunguko mmoja.

"Una yakini, kaka, au dhana?"

Ni mimi niliyemfundisha tofauti ya maneno hayo.

"Yakini."

Akatoka njiani, akazima injini. Magari mengine yalipita, vumbi lao likatuingilia madirishani.

Fundi alifika akihema. Pale uwanjani palipo sawa alichomoa kijiti, akanionyesha: oili ilikuwa imelowesha ncha tu. Akatoa galoni kwenye buti, akalimimina lote.

"Watu wa bondeni," akasema, "mnajenga juu ya vichuguu kama mchwa, kisha mnataka oili isimame wima."

Mdogo wangu akawasha. Injini iligonga mara tatu, nilihesabu, kisha ikatulia. Fundi hakuridhika. Jioni aliimwaga oili yote kupitia kitambaa cheupe, akakigeuzageuza juani kutafuta chembe za metali zinazong'aa. Sisi wawili tulisimama nyuma yake kama wanaosubiri hukumu. Kitambaa kilikuwa cheusi tu, bila chembe.

Jumatatu gari lilikuwa kituoni. Tangu siku hiyo, kila nikiombwa kupima oili, mdogo wangu huweka kwanza kisosi chenye chai chini, kando ya gurudumu, akangoja nikague kama chai imelala sawa.